Mlinda Mlango Asiye na Chanzo

Juiz de Fora, 3 Machi 2019

Shangazi Deolinda mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Lamego, na kwamba baridi imeanza kukuachia. Sisi huku tu wazima kiasi. Mama anakusalimu. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba, lakini jana, Jumamosi ya kanivali, ngoma zilipita barabarani kwetu akasahau kwamba anaumwa, akacheza hadi kona ya duka la mikate. Leo yuko kitandani na analaumu ngoma. Kasuku wetu Louro amejifunza kuiga kengele ya mlango, kwa hiyo kutwa tunakwenda kumfungulia mtu ambaye hayupo. Cherehani za watu zimejaa karakana yangu na wateja wote wanazitaka kesho.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Katika barua yako ya pole, Baba alipofariki Novemba, uliniambia umekuwa ukiandika tangu mwaka 2006 kwenye ile ensaiklopedia ya Kireno ya mtandaoni, ambayo yeyote anaandika na kila mtu anamsahihisha. Nami nikajiandikisha. Nikaandika ukurasa kuhusu Baba, mistari kumi na tisa: Anselmo Quintela, mzaliwa wa Lamego, mlinda mlango wa Fiação, timu ya kiwanda cha nyuzi cha hapa Juiz de Fora, aliyeokoa penalti mbili katika mechi moja dhidi ya Imperial ya Petrópolis mwaka 1971. Unaijua habari hiyo. Nani katika ukoo huu haijui?

Nikauweka mchana. Kabla hatujala chakula cha jioni, mtu anayejiita Carimbo alikuwa ameubandikia tangazo juu kabisa: ukurasa huu unapendekezwa ufutwe, majadiliano ni siku saba. Carimbo kwa Kireno ni muhuri, na tabia yake ni hiyo hiyo. Namwona: bwana mmoja wa Porto, mwenye kikoti cha sufi, hajawahi kupiga mpira maishani.

Wewe umekataa kuniambia jina unalotumia humo, ukasema jina la ensaiklopedia ni kama nguo ya ndani, halianikwi mbele ya jamaa. Sawa. Lakini u mkongwe humo, wanakusikiliza. Nenda ukaseme neno. Ningekupigia simu, ila simu ya mbali huwa unaikata ukidhani ni wauza bima. Siku ni saba tu, Shangazi, fanya hima.

Mwanao,
Valdir


Lamego, 29 Machi 2019

Valdir mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Paka wangu ameiba nusu ya bôla, ule mkate wetu wa nyama, niliyomwokea padri, na padri ameletewa nusu nyingine bila kuambiwa. Mpe pole wifi yangu Neuza. Mwambie goti linalocheza barabarani halina haki ya kulalamika kitandani.

Barua yako ilifika tarehe 26. Siku saba zilikwisha tarehe 10. Nilifanya kazi posta miaka thelathini na minane na naweza kukuambia kwa uhakika kwamba hilo si kosa la posta.

Sasa sikiliza, maana hukusoma kanuni kabla ya kuandika. Ile si nyumba ya mtu. Wasimamizi wanachaguliwa kwa kura, na si mabwana, ni wafagiaji wenye funguo. Ukurasa hauondolewi kwa sababu msimamizi fulani kaamka vibaya. Watu wanajadili, na mtu asiye na upande anapima hoja, hahesabu vichwa. Ikitokea kutoelewana tunakwenda Esplanada, ndilo jina la baraza letu, na huko kila kitu kinazungumzwa hadi kife chenyewe. Sasa hivi tuna mjadala wa jinsi ya kufupisha mijadala. Una miezi kumi na saba.

Na kila kinachoandikwa lazima kiwe na chanzo: gazeti, kitabu, kitu kilichochapishwa na mtu asiye wa familia. Wewe uliweka nini? "Mama anakumbuka." Mwanangu, Neuza anakumbuka pia kwamba alishika mkono wa rais, na sote tunajua alikuwa dereva wake.

Kuhusu huyo Carimbo, simjui sana. Nasikia ni mtu wa haki. Huenda naye hakufurahi kuweka lile tangazo.

Jambo moja. Nasikia siku ya tatu waliingia watu wanane wapya, wote wamejiandikisha Jumanne moja, wote wanasema "Abaki". Wahakiki wamekagua wakakuta wote wanatoka kwenye kompyuta moja. Hujui lolote?

Kuhusu baba yako mwenyewe, yale ya zamani, tuyaache.

Shangazi yako,
Deolinda


Juiz de Fora, 21 Aprili 2019, Pasaka

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Pasaka njema. Mama kapika chewa kwa viazi kama Baba alivyopenda, kisha akaweka sahani yake mezani kwa mazoea, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Tukala hivyo hivyo.

Kuhusu wale watu wanane, sikuelewa swali. Ni watu wazima wenye akili zao.

Haya, nilichofanya ni kuwaazima kompyuta. Karakanani kwangu hupita watu. Seu Juvenal kinyozi alitaka kusema neno kuhusu Baba, nikamwandikisha. Shemeji Ademir naye. Mama naye. Dona Zuleica aliyeleta cherehani yake alisubiri foleni, akasema, "Mimi Anselmo simkumbuki vizuri, lakini kama ni kumsaidia marehemu, nipe nibonyeze." Tulipofika saba nikaona nane ni namba nzuri zaidi, nikamwandikisha Louro. Hilo nakiri ni kosa. Ila hoja ya Louro ndiyo iliyojibiwa kwa heshima kuliko zote. Mtu mmoja wa Coimbra alimshukuru kwa kueleza kwa ufupi.

Wametufungia wote. Mimi miezi miwili, wale wengine maisha. Mama amefungiwa maisha, Shangazi, na anatembea nayo mtaa mzima kama nishani. "Mimi nimefukuzwa Ureno yote," anawaambia watu dukani.

Na ukurasa umefutwa. Nilimwandikia Carimbo kabla sijafungiwa. Nilimweleza kwamba Baba alikufa akiwa na picha moja tu ya mpira, nayo imekatwa kichwa. Akanijibu mstari mmoja: kumbukumbu ya ndugu si chanzo. Basi. Wala pole. Nimekaa na mstari huo wiki nzima, na nimehitimisha kwamba mtu huyo hakupata kuwa na kaka.

Wewe humo ndani huna sauti hata kidogo? Nilidhani Baba alikuwa kaka yako pia.

Mwanao,
Valdir


Juiz de Fora, 30 Mei 2019

Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Wiki tano sasa. Mama anasema nilikuandikia kwa ukali na niombe radhi. Naomba radhi kwa ukali, si kwa maneno. Goti lake limepona.

Valdir


Lamego, 7 Julai 2019

Valdir,

Marahaba. Barua zako zote mbili zilifika. Nilikuwa na shughuli. Bomba la jikoni lilipasuka, na fundi alikuja siku ya tatu na mwanawe, wakalitazama pamoja kama wagonjwa wawili wanaotazama hospitali. Cheri zimekuwa nyingi mwaka huu. Hayo ndiyo mapya ya hapa.

Carimbo ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya hii, kwa hiyo usidhani nimeitupa tu. Ni mimi tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyekujibu ule mstari.

Ulipoandika kwamba Carimbo hakupata kuwa na kaka, nilikwenda Esplanada nikajishtaki. Kanuni ni wazi: msimamizi hagusi jambo lenye maslahi yake, na mimi niliweka tangazo kwenye ukurasa wa mtu wa damu yangu bila kusema. Nikaandika kwamba nina uhusiano na mada ile, nikajifungia siku saba. Msimamizi wa Recife, kijana mwenye adabu, akanifungulia akidhani nimebonyeza kwa bahati mbaya. Nikamshukuru, nikajifungia tena. Akanifungulia tena na kuniandikia, "Bibi Carimbo, umechoka, nenda kalale." Nikamwonya rasmi kwa kuingilia adhabu halali. Ikaitishwa kura ya kunivua cheo. Niliiomba mwenyewe.

Kura za kubaki arobaini na moja, za kuondoka tatu. Moja ya hizo tatu ni yangu. Nilidhani wananipenda hadi niliposoma sababu zao. Mmoja kaandika: "Akiondoka nani atajibu maombi ya Jumapili?" Wengine thelathini wakaandika chini yake kwamba wanakubaliana naye.

Kwa hiyo bado nina funguo, na aibu yangu hakuna aliyetaka kuipokea. Nakuletea wewe.

Ukurasa ule ulistahili kufutwa, haukuwa na chanzo hata kimoja. Lakini hiyo siyo sababu ya mimi kuuwekea tangazo kabla ya chakula chako cha jioni. Nimekuwa nikilitafuta jina la Anselmo humo miaka kumi na mitatu, Valdir, kila Jumapili, nione kama kuna mtu amemwandika. Siku hiyo likatokea. Nikasoma mistari kumi na tisa. Kulikuwa na mama yetu, na baba yetu, na mbwa wa kiwandani aliyeingia uwanjani. Mimi sikuwemo.

Nilikasirika. Mwaka 1967 aliondoka alfajiri kukwepa kupelekwa kwenye vita vya Ureno huko Afrika, hakuniaga, na mimi ndiye niliyekaa na polisi siku mbili nikiwaambia sijui alipo, na ilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baadaye akaniandikia kutoka Brazili. Barua tatu. Zilifika mikononi mwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikipokea magunia ya barua pale posta. Nilizigonga muhuri "Mpokeaji hajulikani" nikazirudisha. Baada ya hapo hakuandika tena, nami sikupata pa kuanzia.

Una haki ya kutonijibu.

Deolinda


Juiz de Fora, 2 Agosti 2019

Shangazi Carimbo,

Shikamoo. Hilo la juu Mama ndiye aliyesema niliandike hivyo. Tu wazima. Louro anakusalimu, naye pia ana adhabu ya maisha kwa mkono wako.

Barua yako niliisoma karakanani, nimesimama, nikamfungia mteja mkanda wa cherehani yake kinyume. Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamsomea Mama. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe wifi yangu ni mkaidi kuliko mume wangu. Nilidhani kiwanda kilichomtengeneza kilivunja kalibu baada yake." Kisha akapanda kwenye kiti, na lile goti, akashusha boksi la viatu la Baba.

Zile barua tatu alizokuandikia zimo, na muhuri wako juu yake. Baba hakuzifungua. Alikuwa akisema barua ni ya aliyeandikiwa, hata akiikataa. Nami niliuona muhuri huo tangu utotoni, nikadhani ni kosa la posta. Nilipomuuliza alisema, "Dada yangu hafanyi kosa la posta."

Sasa niseme kwa nini hukuwemo. Sikujua nikuandikeje. Baba alikutaja kila Jumapili, akila, akinyoa ndevu, akimfokea mwamuzi kwenye televisheni: Deolinda angesema hivi, Deolinda asingekubali. Lakini hakutusimulia kilichotokea, na mimi niliogopa kuandika "dada" halafu mtu akaniuliza yuko wapi.

Mama akaamua barua moja ifunguliwe. Nikabisha kwamba si zetu. Akasema, "Mpokeaji hajulikani, basi mimi najulikana, lete hapa." Akachagua ya Juni 1971. Ndani yake, Shangazi, kuna kipande cha gazeti la hapa, la Jumatatu tarehe 14, na jina la gazeti na tarehe vimo juu. Safu nzima kuhusu mechi. Chanzo ulichokuwa ukinidai mimi, ulikirudisha ng'ambo ya bahari mwaka 1971 bila kukifungua.

Na sasa jambo gumu. Gazeti linasema aliokoa penalti moja. Ya pili iligonga mtambaa wa panya ikatoka nje.

Mama alinipokonya gazeti akalisoma mwenyewe. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza. "Miaka arobaini na mitano nimelala na mwanamume wa penalti mbili," anasema, "kumbe moja ilikuwa ya mti." Mimi sikucheka mara moja. Nilisimulia penalti hizo mbili shuleni, kazini, na juu ya kaburi lake.

Nakutumia barua hiyo yote, yake na gazeti. Ni fupi. Kama hutaki kuisoma, neno lenyewe ni hili: "Deolinda, jana niliokoa penalti. Ya pili iligonga mtambaa wa panya, lakini huku wote wameanza kusema mbili na nimewaacha waseme. Wewe nakwambia kweli, maana wewe ungejua tu." Nyingine mbili sijazifungua. Zimo humu humu.

Fanya utakavyoona. Ikibidi tuchague, baba wa penalti mbili asiye na ukurasa au wa moja mwenye ukurasa, mimi na Mama tumechagua wa moja. Kufungiwa kwangu kuliisha, lakini naogopa kugusa kitu humo peke yangu.

Mwanao,
Valdir


Lamego, 10 Septemba 2019

Valdir mwanangu,

Marahaba. Mvua ya kwanza imenyesha. Tuliitembeza sanamu ya Bikira Maria barabarani juzi, sikukuu ikafana, na padri akaniuliza kwa sauti kama mwaka huu bôla itakuja nzima.

Bahasha yako ilifika tarehe 23 Agosti. Nililipa kahawa ya mpelekabarua aliyeileta, naye hakujua kwa nini. Barua ya Juni niliisoma. Nyingine mbili nilizisoma Jumapili iliyofuata. Ya kwanza anaomba radhi kwa kuondoka bila kuaga, anasema kama angenitazama asingeweza kuondoka. Ya pili ni ya kunitukana kwa kutomjibu, na imeandikwa vizuri zaidi. Nimeziweka ninapoweza kuzifikia. Nimelia vya kutosha, mwambie Neuza, asinipigie simu kwa ajili hiyo. Anipigie kwa mengine. Sitakata.

Sasa kazi. Mechi moja haimfanyi mtu apate ukurasa wake mwenyewe. Hilo halijabadilika, na usianze. Lakini timu ya Fiação ina ukurasa, mbovu, na mechi ile imo bila jina la mlinda mlango. Sentensi moja ingeingia kihalali. Mimi siwezi kuiandika kwa mkono wangu, kanuni inakataza. Ninaweza kuiomba kwenye ukurasa wa majadiliano, nikiweka gazeti pale na kutangaza nilivyo.

Nikaomba. Nikaweka gazeti, tarehe, na safu. Chini nikaandika: "Mwombaji ana uhusiano na mada." Nikaona nimemaliza. Yule kijana wa Recife akaja baada ya saa moja. "Samahani, Bibi Carimbo," akaandika, "kanuni inataka uhusiano utajwe. Ni uhusiano gani?"

Hiyo kanuni niliitunga mimi, mwaka 2011. Ilijadiliwa Esplanada miezi mitano, na mimi ndiye niliyesisitiza neno "utajwe".

Nikaenda kumlisha paka. Paka alikuwa ameshakula. Nikarudi nikaandika, "Ni jamaa," nikafuta. Nikaandika, "Tulitoka mji mmoja." Nikafuta. Nimemkana mtu huyu mbele ya polisi, Valdir, na mbele ya posta, na mbele yako, na humo ndani hakuna kinachofutika: ukishahifadhi, saa na dakika zinakaa milele, hata msimamizi hawezi kujifanya hajasema. Nikaandika maneno matatu, "Mimi dada yake," nikahifadhi.

Kijana yule akaandika "Asante," akaiingiza sentensi. Nakunakilia kama ilivyo: "Mlinda mlango Anselmo Quintela, mzaliwa wa Lamego, aliokoa penalti moja, ya pili iligonga mtambaa wa panya." Ina chanzo.

Nikakaa mbele ya kompyuta nikingoja. Jumatatu ikapita, Jumanne, wiki nzima, hadi leo. Pale mahali mtu akiandika kwamba maji ni majimaji, kuna wawili watadai ushahidi na mmoja atampeleka Esplanada. Nimekuwa humo miaka kumi na mitatu, na hilo ndilo neno langu la kwanza ambalo hakuna aliyelipinga.

Shangazi yako,
Deolinda